Reli ndogo juu ya meza: Ni tiba ya moyo, ila chunga risasi

Mzee mmoja aliingia katika kliniki yangu huku Eastlands akiwa amemshika mkono mjukuu wake wa miaka minne. Alikuwa mtu nadhifu, mmoja wa wale waliofanya kazi ya ufundi katika reli kwa zaidi ya miaka 30, kisha wakastaafu na kubaki papa hapa mitaani.

"Daktari, mtoto huyu ametushinda," akasema. "Chakula hataki, tumbo linamkata, choo hapati, na siku hizi amekuwa mkali hata kwa mama yake."

Nilimtazama mtoto. Ndani ya kope na ulimini alikuwa mweupe, dalili ya upungufu wa damu. Dawa ya minyoo alikuwa amekwisha kupewa mara mbili bila nafuu. Nikauliza maswali ya kawaida: maji mnachota wapi, je, mtoto hula udongo? Mwishowe nikauliza lile swali ambalo sisi madaktari hulisahau mara nyingi.

"Mzee, pale nyumbani kuna kazi gani ya mikono inayofanywa?"

Uso wake ukachangamka. "Mimi hutengeneza reli," akanijibu.

Jioni hiyo nilipitia kwake. Alikuwa na vyumba viwili. Katika kile cha mbele, juu ya ubao wenye ukubwa wa mlango, nilikuta jambo lililonifanya nisahau kilichonipeleka. Palikuwa na stesheni ndogo yenye ukumbi wa abiria, tangi la maji juu ya nguzo zake, ishara za treni, na safu ndefu za nyumba za Muthurwa, kila moja ikiwa na mlango mdogo kuliko ukucha wa kidole changu cha gumba. Injini ya mvuke ilikuwa ya bati. Hakuna hata kipande kimoja kilichotoka dukani.

Kisha nikaona mengine. Chini ya meza palikuwa na mkebe mweusi ambamo mzee aliyeyusha vipande vya betri kuukuu ya gari ili apate vizito vya kutia ndani ya mabehewa. Kando yake palikuwa na waya wa kulehemu, ule ambao mafundi wa redio huuita solda. Na hatua mbili kutoka hapo lilikuwapo godoro la mjukuu.

Tulimtoa mtoto damu ikapelekwa maabara. Jibu liliporudi, madini ya risasi katika damu yake yalikuwa zaidi ya mara tatu ya kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linasema kikifikiwa lazima chanzo kitafutwe na kuondolewa. Kiwango hicho ni mikrogramu 5 kwa kila desilita ya damu. Shirika hilo linasema pia kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Mzee aliposikia hayo alikaa kimya kwa muda. Halafu akasema, "Basi leo nauchoma ubao wote."

Nikamwambia asiuchome. Na sababu yangu, msomaji mpenzi, ndiyo ninayotaka kukueleza leo.

KWA NINI NISIMKATAZE

Mtu anayestaafu hapotezi mshahara peke yake. Hupoteza pia sababu ya kuamka saa kumi na moja, wenzake wa kuzungumza nao, na heshima ya kuitwa fundi. Wengi huja kwangu wakiwa na presha iliyopanda, usingizi uliopotea na maumivu ya mwili yasiyoonekana katika picha yoyote ya eksirei. Wengine huyapeleka mawazo yao kwenye chupa.

Mzee huyu alikuwa na dawa yake. Kila asubuhi alikuwa na kitu cha kupima, kukata na kubandika. Vidole vyake havikuwa vimekakamaa. Alikumbuka namba za injini na majina ya stesheni. Vijana wa jirani walikuja kumtazama, naye akawasimulia.

Si mimi tu ninayeona hivyo. Mwaka 2023 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliochunguza zaidi ya watu 93,000 wenye umri wa miaka 65 na zaidi katika nchi 16. Wale waliokuwa na uraibu wa kufanya jambo walipendalo walikuwa na dalili chache za sonona, na walisema afya yao ni bora na maisha yanawaridhisha zaidi kuliko wasio nao. Nchi hizo zilikuwa za Ulaya, pamoja na Marekani, Japani na Uchina, si zetu. Tena utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba uraibu wenyewe ndio ulioleta nafuu. Lakini unakubaliana na yale niyaonayo katika chumba changu cha kupimia wagonjwa.

Kwa aliyepatwa na kiharusi, kazi ndogo ndogo ya vidole ni sehemu ya mazoezi tunayomtaka ayafanye. Kuokota kijiti cha kiberiti na kukisimamisha mahali pake ni zoezi zuri kama lile la kubinya mpira, na halichoshi upesi kwa sababu mwisho wake kuna kitu cha kuonyesha.

Tena uraibu huu una mizizi hapa kwetu. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukaota kando yake. Muthurwa na Makongeni zilikuwa nyumba za wafanyakazi wa reli. Watoto wa mitaa hii wamekua wakitengeneza magari ya waya yenye magurudumu ya vifuniko vya soda, na wapo vijana wanaounda matatu za kadibodi zenye kila pambo. Anayetaka kuona mambo makubwa yenyewe huweza kwenda katika Jumba la Makumbusho ya Reli, Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971. Humo imo Mount Gelai, mojawapo ya zile injini 34 za Garratt za daraja la 59 zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Uzito wake ni kama tani 252.

ANZA NA KIPIMO

Msomaji, huhitaji kununua treni ya ng'ambo ili uanze. Anza na nyumba moja.

Kipimo kinachotumiwa na watu wengi duniani ni 1 kwa 87. Maana yake, kila mita ya kweli huwa milimita 11 na nusu mezani. Mlango wa mita 2 huwa milimita 23. Mtu wa mita 1.7 hafiki sentimita 2. Chumba cha mita 3 huwa karibu milimita 35. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma, kwa hiyo mezani ni milimita 11 na nusu. Reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ina upana wa milimita 1,435, ambazo ni milimita 16 na nusu mezani.

Chagua jengo unalolijua. Nenda ukalitazame, uhesabu safu za mawe, upime mlango kwa hatua au kwa mkono, kisha urudi nyumbani uchore kwenye karatasi. Huko kutembea na kutazama ni sehemu ya tiba, kwa hivyo usikuruke.

Kuta zikate katika kadibodi ngumu, kama ile ya boksi la viatu. Tumia wembe wenye mshikio na rula ya chuma, na upitishe wembe mara tatu au nne kwa wepesi badala ya kukandamiza mara moja. Watu wengi ninaowashona vidole walikuwa na haraka ya kumaliza kwa mkato mmoja. Vioo vya madirisha hupatikana katika plastiki ngavu inayofungiwa mashati mapya. Vijiti vya kiberiti vilivyokatwa vichwa huwa nguzo, na vikilazwa huwa mataruma.

Mabati hutengenezwa hivi. Chukua kipande cha trei ya foili ya kuokea keki, kilaze juu ya kitana chenye meno membamba sana, kisha pitisha kalamu iliyokwisha wino kati ya jino na jino. Mikunjo ya bati la kawaida imepishana kama sentimita 7 na nusu, na mezani hiyo haifiki milimita 1. Kitana cha kuondolea chawa kinafaa kabisa, ila kisiwe kile kinachotumika! Paka rangi ya kahawia kidogo pembeni, na bati lako litakuwa limepigwa na mvua za miaka 40.

MILIMA, MITI NA KOKOTO

Vilima vya reli huundwa kwa vipande vya katoni vilivyosimamishwa, kisha vikafunikwa kwa magazeti yaliyochanwa na kulowekwa katika gundi. Wengi hutumia uji wa unga wa ngano. Ni rahisi na hauna sumu, lakini huita panya na mende, na mende ni adui wa mwenye pumu. Ukitumia uji, ukikauka kabisa upake juu yake tabaka la gundi nyeupe ya mbao.

Majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakikaushwa juani siku mbili, huwa nyasi za kiangazi na vichaka vya kando ya reli. Yasipokauka vizuri huota ukungu, na ukungu huchokoza kifua. Miti hutoka katika vijiti vyenye matawi membamba na vipande vya sponji vilivyopakwa kijani. Nyuzi za mkonge huwa magugu marefu.

Kokoto za reli ni mchanga uliochujwa kwa kichujio cha chai, ukaoshwa na kukaushwa. Mwagia kati ya mataruma, kisha udondoshee gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, pamoja na tone la sabuni ya vyombo ili ipenye. Bomba jipya la dawa, bila sindano yake, hufanya kazi hii vizuri sana.

Udongo wetu mweusi wa Eastlands, ule unaonata viatuni mvua ikinyesha, ndio unaofaa kuonyesha mahali penyewe. Usiuchote kando ya gereji, wala mahali betri zilipovunjwa. Ukaange nje katika mkebe wa kutupwa ili mayai ya minyoo yafe, na uuchuje ukiwa na unyevu kidogo ili usivute vumbi.

YASIYOFAA KUINGIA NDANI

Wenzetu wa nchi nyingine hufanya kazi hii katika chumba cha pekee au banda la uani. Huku kwetu meza ya reli ndiyo meza ya chakula, na usiku watoto hulala kando yake. Kwa sababu hiyo, kitu ambacho kwa mwingine ni hatari ndogo, kwetu ni hatari kubwa. Zingatia haya.

Kwanza ni risasi. Sisemi ile ya bunduki, nasema madini yenyewe. Imo katika betri za gari, katika solda nyingi, na katika baadhi ya rangi za mafuta, hasa za njano na nyekundu kali. Kuyeyusha betri nyumbani ni marufuku kabisa, hata nje ya mlango, kwa maana moshi na vumbi lake hutua sakafuni, kwenye nguo na kwenye vyombo. Mtoto hutambaa, hushika, hulamba. Mwili wa mtoto hunyonya risasi kwa wingi kuliko wa mtu mzima, na hudhuru ubongo unaokua. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri, wanajua vizuri gharama yake. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kama wataka uzito ndani ya behewa, tumia misumari, nati au mchanga. Kama ni lazima ulehemu, tafuta solda isiyo na risasi, fanyia kazi nje, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula au mtoto.

Pili ni gundi ya viatu na thina. Mvuke wake huleta kizunguzungu na kichwa kuuma, na mazoea yake tunayaona kwa vijana wetu wanaotembea na chupa puani. Isitoshe, mvuke huo hushika moto. Jiko la mafuta likiwa linawaka upande wa pili wa pazia, umetega moto ndani ya nyumba. Gundi nyeupe na rangi za maji, zile za watoto wa shule, zinatosha kwa kazi yote niliyoeleza.

Tatu ni vumbi. Usikwangue mbao zilizopakwa rangi zamani. Usiguse vipande vya paa kuukuu la asbesto, hata kama vinafanana na kile unachotaka kuunda. Nyuzi zake zikiingia mapafuni hazitoki, na saratani yake huweza kuja miaka 30 au 40 baadaye. Ukipiga msasa, lowesha kwanza. Baadaye futa meza kwa kitambaa chenye maji, usifagie.

Nne ni vitu vidogo. Betri za saa, zile za mviringo kama kifungo, zikimezwa na kukwama kooni huweza kuunguza njia ya chakula kwa muda wa saa mbili tu. Sumaku mbili zikimezwa huvutana na kutoboa matumbo. Ukishuku mtoto amemeza kimoja cha vitu hivi, kimbilia hospitali hapo hapo. Usingoje asubuhi, wala usimtapishe.

Tano ni bati na wembe. Jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni. Ikiwa lina uchafu na imepita miaka 5 tangu uchanjwe dhidi ya pepopunda, nenda ukachanjwe tena.

Sita ni macho na mgongo. Ukishapita miaka 40, karibu kila mtu huanza kuona vitu vya karibu kwa shida. Hilo si ugonjwa, lakini miwani ya kufaa itakuondolea maumivu ya kichwa. Weka taa upande usiotupa kivuli cha mkono wako. Kila baada ya dakika 20 inua macho utazame mbali, na kila saa simama unyooshe mgongo.

LINI UMWONE DAKTARI

Kama nyumbani kwako kumewahi kuyeyushwa betri au kulehemiwa, na mtoto ana maumivu ya tumbo yasiyokwisha, hufunga choo, amepauka, amekuwa mkali au anarudi nyuma katika masomo, mwambie daktari habari hiyo bila kuona haya. Kipimo cha risasi katika damu hakifanywi kila mahali, na daktari hawezi kukiomba kama hajui sababu. Kumbuka pia kwamba watoto wengi wenye risasi mwilini hawaonyeshi dalili yoyote. Mtu mzima naye huweza kupandwa na presha kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa mjukuu wa mzee wetu hatukuhitaji dawa za kuondoa risasi, ambazo huwekewa wenye viwango vya juu zaidi. Mkebe na solda viliondoka. Nguo na matandiko yakafuliwa kando na ya wengine, na sakafu ikapigwa deki kwa maji ya sabuni kila siku kwa wiki kadhaa. Mtoto alipewa dawa ya kuongeza madini ya chuma, na mama yake nikamshauri ampe maziwa, maharage, mboga za majani na omena, kwa kuwa mwili wenye chuma na kalisi ya kutosha hunyonya risasi kidogo. Tulirudia kipimo baada ya mwezi, na tena baada ya miezi mitatu. Kiwango kilikuwa kinashuka. Sikumwahidi mzee kwamba madhara yote yatafutika, kwa maana risasi iliyojificha katika mifupa hukaa miaka. Nilimwambia kwamba tumeufunga mlango ilioingilia.

Na ubao? Ile injini ya bati ilifungwa katika karatasi na kuwekwa mbali. Mzee akaanza upya kwa kadibodi na gundi nyeupe. Nusu ya usiku wake wa kwanza, akaniambia, ilikwisha akitafuta namna ya kukunja karatasi ili ifanane na mtungi wa mvuke.

Mara ya mwisho nilipopita, mjukuu alikuwa amesimama juu ya stuli, mikono imenawa, akichagua mahali pa kupanda mti. Mzee alimtaka auweke karibu na tangi la maji. Mtoto akakataa, akausimamisha katikati ya njia ya reli.

"Treni itapita wapi sasa?" babu akamuuliza.

"Ingoje," mtoto akajibu.

Babu akauacha mti pale pale. Akaniuliza kama nina haraka, akanivutia kiti. Meza ilikuwa inanuka gundi ya mbao na majani ya chai, na hakuna mwingine chumbani aliyekuwa na haraka.